Kodi na Kipimo Chake: Habari ya Mbiru ya Upare



Jioni hii twataka kunena habari ya kodi. Twajua ya kuwa neno lenyewe halipendezi masikioni. Mtu akilisikia hushika mfuko wake, na wengine huenda wakanyosha mkono kuizima redio. Twawaomba msiizime. Hatukuja kudai senti ya mtu. Tumekuja kueleza jinsi kodi ipimwavyo, ni nani mwenye haki ya kuipima, na mtu afanye nini akiona amepimiwa vibaya. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa sheria ya kodi popote duniani, na sisi watu wa Upare tunayo sababu ya kuyajua, kwa maana wazee wetu waliacha mashamba yao wakaenda kukaa Same kwa ajili ya mambo hayo hayo.

Tuanze na maji, kwa kuwa maji kila mtu ayajua. Sisi tukaao Maore, chini ya milima, upande wa nyika ya Mkomazi, twalima mpunga na mahindi kwa maji yashukayo kutoka juu. Huko milimani wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji usiku, ili asubuhi yafunguliwe yapite katika mifereji hata yafike mashambani. Ndiva haijichimbi, wala haijitoi tope. Kazi yake hufanywa kwa msaragambo. Kwa ninyi msio wa kwetu, msaragambo ni kazi ya wote kwa faida ya wote: mbiu hupigwa, watu hutoka na majembe yao, na asiyetoka bila udhuru hutozwa faini.

Basi, mwaonaje, watu huupenda msaragambo? Hawaupendi kama wapendavyo ngoma. Huchoka, hulalamika, hutazama jua. Lakini hutoka. Hutoka kwa sababu siku yajulikana, kiasi cha kazi chajulikana, shauri lenyewe lilikatwa barazani mbele ya watu, na baada ya kazi maji huonekana mferejini. Sasa fikirini siku moja msimamizi akisimama na kusema: "Wewe naona shamba lako ni zuri, utachimba mara tatu. Na wewe mara moja. Wala msiniulize nimepimaje." Siku hiyo majembe yatabaki nyumbani. Na yatakayobaki nyumbani si ya wavivu tu. Hata mtu mwenye bidii atakaa, kwa sababu hakuna aliye tayari kubeba mzigo asioujua uzito wake wala mizani yake.

Habari ya mbiru ni hiyo.

Kodi ya fedha ililetwa nchini kwetu na serikali ya Wajerumani. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na huko mashambani kila nyumba ilitozwa rupia tatu. Kusudi lake halikuwa fedha peke yake. Ilikuwa pia njia ya kumlazimisha mtu atafute kazi ya mshahara au alime zao la kuuza. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ya kichwa haikuwa na hesabu ngumu: kila mwanamume mzima alitoa kiasi kilekile, mwenye ng'ombe thelathini sawasawa na mwenye mbuzi mmoja.

Katika miaka ya vita kuu ya pili, yaani 1942 na 1943, machifu wa Upare pamoja na maofisa wa wilaya walikata shauri la kuongeza fedha katika hazina ya wenyeji. Waliweka kodi nyingine juu ya kodi ya kichwa. Kodi hiyo haikuwa ya kiasi kimoja. Ilipanda na kushuka kwa kadiri ya mali ya mtu. Waliipa jina la mbiru, jina la ushuru wa jadi uliokuwa ukitolewa kwa watawala zamani, labda wakidhani ya kuwa jina la zamani litalainisha jambo jipya. Halikulilainisha.

Yafaa tuwe waadilifu kwa walioitunga. Wazo lao halikuwa baya. Kumtoza tajiri zaidi kuliko maskini ni jambo ambalo leo nchi karibu zote hulifanya. Ubaya ulikuwa katika kupima. Mtu wa mshahara mapato yake yameandikwa. Lakini mkulima wa kahawa, migomba na mbuzi, mapato yake ni kiasi gani? Ilibidi watu watumwe kuikadiria mali ya kila mwenye mji. Sasa, makadirio ya macho hutegemea macho ya nani. Jirani mwenye ugomvi nawe huona ng'ombe wako ni wengi, na jamaa ya mzee wa mtaa huonekana ni maskini siku zote. Mtu aliandikiwa kiasi fulani, akauliza kimepatikanaje, asipate jibu la kumtosha. Na kesho yake je? Akipanda miche zaidi ya kahawa, ataongezewa tena? Mtu wa namna hiyo huanza kuogopa bidii yake mwenyewe.

Watu walipeleka malalamiko, yasisikilizwe. Hata Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakaenda kwa miguu mpaka Same, penye makao ya wilaya, wakakaa hapo. Hawakwenda na mikuki. Walikwenda na chakula na maneno yao. Miongoni mwa viongozi wao anakumbukwa Paulo Kajiru Mashambo. Walikaa, wakaambiwa warudi, wakazidi kukaa. Wanawake nao hawakubaki nyuma; waliandamana kwenda Same kuwaunga mkono waume zao, jambo ambalo maofisa wa siku zile hawakulitazamia kabisa. Shauri lilivuka mipaka ya wilaya, maombi yakaandikwa kupelekwa kwa wakubwa wa serikali. Ilipofika mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha kuondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandika habari hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, na jina la kitabu hicho ni lilelile, Mbiru.

Hapa wasikilizaji wengi hukosea. Husema: "Wapare walikataa kodi." Sivyo. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa, nao hawakwenda Same kuikataa hiyo. Walichokataa ni mzigo usio na mizani. Na jambo la kutufikirisha ni hili: kodi ya kichwa, iliyomtoza maskini sawa na tajiri, kwa haki ya mali ilikuwa mbaya kuliko mbiru. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo mbiru haikuwa nayo. Kila mtu aliijua. Mzee asiyejua kusoma aliweza kukuambia mwaka huu anadaiwa shilingi ngapi, na karani hakuweza kumdanganya. Wazee wetu walichagua uhakika kuliko haki ya kukisiwa. Nasi twasema, heri tuvipate vyote viwili.

Kuna mtu wa Scotland aliyeitwa Adam Smith. Mwaka 1776 alitoa kitabu kikubwa juu ya utajiri wa mataifa, na ndani yake aliweka kanuni nne za kodi, ambazo wanafunzi wa sheria na wa uchumi husoma hata leo. Tuzitazame kanuni hizo kwa macho ya watu waliokaa Same.

Kanuni ya kwanza ni usawa: kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Mbiru ilijaribu kuifuata kanuni hii, na kwa hilo twaipa sifa yake.

Ya pili ni uhakika: kiasi, wakati na namna ya kulipa viwe wazi kwa mlipaji na kwa kila mtu, visitegemee moyo wa mkusanyaji. Adam Smith aliona kwamba ukosefu wa uhakika hata kidogo ni ubaya kuliko ukosefu mkubwa wa usawa. Hakupata kuiona milima yetu, lakini watu wa Upare walifikia neno hilohilo wenyewe. Katika kanuni hii ndipo mbiru ilipoanguka.

Ya tatu ni wepesi wa kulipa: kodi itozwe wakati mtu anacho cha kutoa. Mkulima huwa na fedha baada ya mavuno. Ukimdai wakati wa kupanda wamfanya auze mbegu.

Ya nne ni gharama ndogo: kisipotee kingi kati ya mfuko wa mlipaji na hazina. Nayo gharama si mishahara ya makarani tu. Hesabuni siku ambazo watu walikaa Same, na majembe ambayo hayakugusa udongo siku hizo. Hiyo pia ilikuwa bei ya mbiru, ingawa haikuandikwa katika daftari lo lote.

Juu ya kanuni hizo nne, sheria za siku hizi zimeweka nyingine iliyo mlango wa zote. Nayo ni hii: hakuna kodi pasipo sheria. Tunaosoma Maandiko twakumbuka ya kwamba watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaagiza wasidai zaidi ya kiasi walichoamriwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 yanena jambo hilo kwa lugha ya sheria katika ibara ya 138: kodi ya aina yo yote haiwezi kutozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliopewa nguvu na sheria ya Bunge. Maana yake ni kwamba hakuna mkubwa, awe wa kijiji, wa wilaya au wa taifa, awezaye kuamka asubuhi na kubuni kodi. Mtu akija mlangoni pako kudai fedha, swali lako la kwanza, kwa adabu, ni hili: "Bwana, ni kwa sheria gani?" Swali hilo si utovu wa nidhamu. Ndilo swali ambalo Katiba yenyewe yamruhusu raia kuuliza.

Sasa tutaje kodi kubwa za taifa, ili kila mmoja ajue ni ipi imgusayo. Huku Tanzania Bara zakusanywa na Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996 kwa sheria ya mwaka 1995.

Ya kwanza ni kodi ya mapato. Mapato maana yake ni kile mtu apatacho katika kazi, biashara au uwekezaji. Sheria yake iliyopo ilitungwa mwaka 2004. Makampuni hutoa asilimia 30 ya faida. Mtu wa mshahara hukatwa kila mwezi na mwajiri wake kabla hajapokea, na hapa ndipo tuonapo mbiru iliyopata mizani. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2021, mtu asiyezidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kitu. Azidipo hapo, hukatwa asilimia 8 ya ile ziada tu, na kadiri mshahara upandavyo ngazi zapanda mpaka asilimia 30. Mfano: mwalimu ambaye baada ya kutolewa mchango wa hifadhi ya jamii amebakiwa na shilingi 400,000. Toa 270,000, yabaki 130,000. Asilimia 8 yake ni shilingi 10,400. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuipiga hesabu hiyo kwa kalamu yake. Tajiri atoa zaidi, maskini hatoi, wala hakuna aliyetazamwa kwa jicho. Usawa na uhakika vimekaa katika nyumba moja.

Ya pili ni kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Julai 1998. Mwanzo ilikuwa asilimia 20, na mwaka 2009 ilishushwa kuwa 18. Kodi hii wengi wailipa bila kujua, kwa kuwa imo ndani ya bei. Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi amenunua bati kwa shilingi 15,000, akatozwa na muuzaji wa jumla asilimia 18, yaani 2,700. Naye aliuza bati lile kwa 20,000, akamtoza mnunuzi 3,600 juu yake, jumla 23,600. Serikalini hapeleki 3,600 zote. Atoa zile 2,700 alizokwisha kulipa, apeleka 900. Mwona basi: kila mkono umetoa sehemu ya thamani iliyoongezeka, lakini mwenye kubeba mzigo wote mwishoni ni wewe uliyeezeka nyumba. Kwa hiyo ukinunua usichukue risiti, fedha uliyotoa kwa ajili ya barabara na dawa yaweza kubaki katika mfuko wa mwenye duka. Risiti si karatasi ya kuwashia moto. Ni ushahidi wako. Tena jueni kwamba si kila kitu hutozwa kodi hii. Mazao ya shamba yasiyosindikwa, kama mpunga wetu, yamesamehewa. Wala si kila mwenye duka amesajiliwa kuitoza, ila wale ambao mauzo yao yafikia kiwango cha sheria.

Ya tatu ni ushuru wa forodha, utozwao bidhaa zitokazo nje. Huu hatuuamui peke yetu. Tangu 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina umoja wa forodha, zatumia sheria moja ya mwaka 2004 na viwango vya pamoja, ili mzigo utokao mbali utozwe namna moja ukiingilia Dar es Salaam au Mombasa.

Ya nne ni ushuru wa bidhaa, uwekwao juu ya vitu kama sigara, bia, soda na mafuta ya magari. Baadhi yake huwekwa kwa sababu vyaleta fedha, na baadhi ili watu wapunguze kuvitumia.

Zaidi ya hizo za taifa, yako yale ya halmashauri, na kwa mkulima kubwa ni ushuru wa mazao. Zamani ulifika asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka 2017 ulishushwa kwa sheria, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima aliyejua alifurahi, na asiyejua aliweza kuendelea kutoa kiasi cha zamani huku mwingine akifurahi kwa niaba yake. Kwa sababu hiyo twasema kujua kiwango ni mali.

Msidhani kwamba mafundisho ya mbiru yalikwisha mwaka 1947. Kodi ya kichwa ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Huko Arumeru, mwaka 1998, wananchi waliikataa wakiuliza fedha zao zaenda wapi, na mwaka 2003 kodi hiyo ilifutwa nchini. Hii ilikuwa kodi ya kiasi kimoja, yenye uhakika wote ambao wazee wa Same waliutaka, walakini nayo iliangukia palepale pa kutoonekana maji mferejini. Kisha Julai 2021 iliwekwa tozo juu ya fedha zitumwazo na kutolewa kwa simu. Bunge lilikuwa limeipitisha, sheria ilikuwapo. Lakini mtu aliyemtumia mama yake fedha za dawa aliona zakatwa zikitoka na zakatwa zikipokelewa, naye fedha zile alikwisha kuzilipia kodi alipozipata. Watu walilalamika nchi nzima. Kabla mwaka haujaisha tozo ilipunguzwa, na mwaka 2022 ilipunguzwa tena. Safari hii hakuna aliyelazimika kukaa Same. Maneno yalifika kwa magazeti, redio na wabunge. Hayo ndiyo maendeleo ya kweli katika habari za kodi: ya kwamba mlipaji asikilizwe kabla hajaacha shamba lake.

Sasa tuje kwa mwenye duka dogo, fundi, na mama auzaye nguo sokoni, kwa maana hao ndio walio karibu zaidi na hali ya mbiru. Mtu wa mshahara apimwa kwa karatasi. Hawa bado hupimwa kwa makadirio. Lakini sheria imewawekea mlango wa kutokea, nao ni daftari. Tazameni jinsi ulivyo. Bunge lilipovipunguza viwango vya wafanyabiashara wadogo mwaka 2019, mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni nne hakutozwa kitu. Aliye kati ya milioni nne na saba, kama hana kumbukumbu za mauzo, alitozwa 100,000. Kama anazo, alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne. Basi mtu wa mauzo ya milioni tano, asiye na daftari, atoa 100,000. Na mwenzake wa mauzo yaleyale, mwenye daftari, atoa asilimia 3 ya milioni moja, yaani 30,000. Ni biashara moja, soko moja, na kati yao ni daftari la kununuliwa dukani na dakika chache za kuandika kila jioni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza, na kodi bila daftari hukisiwa bila huruma.

Na kama umekadiriwa isivyo haki hata hivyo? Mwaka 1945 njia ilikuwa ni kwenda kukaa Same. Leo sheria imeweka ngazi. Kwanza, andika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 30 tangu kupewa makadirio, ukitaja sababu zako. Usisahau masharti: yakupasa kulipa kwanza ile sehemu usiyoibishia au theluthi ya kodi uliyokadiriwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili, isipokuwa Kamishna amekupunguzia kwa sababu njema. Usiporidhika na jibu, iko Bodi ya Rufani za Kodi; juu yake liko Baraza la Rufani za Kodi; na juu kabisa ni Mahakama ya Rufani, kwa mambo ya sheria. Hatusemi ngazi hiyo ni nyepesi. Theluthi ya deni lisilo la haki ni mzigo kwa mtu mdogo, na siku 30 hupita upesi kwa mtu akaaye mbali na mji. Lakini mlango upo, na mlango ulio wazi hata kwa taabu si sawa na ukuta. Ajuaye siku zake huingia. Asiyejua hukuta umefungwa.

Wasikilizaji wetu, kwa kuwa tumenena sana juu ya haki za mlipaji, yatupasa kunena pia juu ya wajibu wake, ili mizani isilale upande mmoja. Mtu afichaye mauzo yake, au akataaye risiti ili apunguziwe bei, hajaikomesha kodi. Ameusukuma tu mzigo wake juu ya mgongo wa jirani. Ni sawasawa na yule asiyetoka msaragambo, kisha maji yajapo huwa wa kwanza kufungua mfereji shambani kwake. Huyo wote twamjua, na jina lake katika kijiji si zuri. Vilevile mkubwa akusanyaye kodi bila kuwasomea watu hesabu yake ni sawa na msimamizi aliyechimbisha ndiva kisha akayaelekeza maji kwenye shamba lake peke yake. Mkulima aliyechimba ana haki ya kuuliza maji yako wapi. Katika mkutano mkuu wa kijiji hesabu za mapato na matumizi zapaswa kusomwa. Nendeni, sikilizeni, ulizeni. Asiyekwenda mkutanoni asishangae shauri lililokatwa bila yeye.

Wanafunzi mnaotusikia, tunawapa kazi ndogo ya wiki hii. Chukueni risiti moja ya kitu kilichonunuliwa nyumbani, tafuteni kodi iliyoandikwa humo, pigeni hesabu kama ni sawa. Kisha mwulizeni babu au bibi kama alipata kusikia habari ya mbiru, nanyi mwandike atakayowaambia kabla hayajasahauliwa. Watu waliokwenda Same wengi wao hawakujua kusoma, lakini walijua kuuliza mzigo umepimwa kwa mizani gani. Ninyi mnaojua kusoma msiulize machache kuliko wao.

Hapa twakomea kwa leo. Mkae kwa amani, na maji yafike katika kila shamba.